Golf mu jangwa ya madini: sosiete ikienda, nani atamwagilia majani?

Kusini-magharibi kabisa ya Namibia, pale mto Orange unaingia baharini, kuko mji unaitwa Oranjemund. Kuzunguka mji ni jangwa tupu: mchanga, upepo na ukungu wa bahari. Lakini mjini kuko uwanja wa golf wa mashimo 18, wenye majani ya kijani na miti. Choroa, nyama wa pori mwenye pembe ndefu zilizonyooka, wanatembea na kula kati ya wachezaji pasipo kuogopa. Tangu mji ulipojengwa mwaka 1936, mtu wa inje hakuweza kuingia mule bila ruhusa, juu ya almasi. Mwaka 2017 njia ikafunguliwa. Leo mgeni anafika na gari yake, analipa, anacheza, anapiga picha na kurudi kwao.

Wasomaji wengi watasema: golf ni mambo ya bakubwa, inatuhusu nini siye watu wa Katuba, wa Ruashi ao wa Kipushi? Inatuhusu, tena sana. Oranjemund ni mji wa madini sawa vile miji yetu. Majani yale hayakuletwa na watalii. Yalioteshwa na sosiete ya almasi, kwa ajili ya watu iliowaleta kufanya kazi mahali pasipo kitu. Na swali ambalo watu wa kule wanajiuliza leo njo lile ambalo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliishajiuliza kwa machozi: sosiete ikichoka ao ikienda, vitu vizuri ilivyoleta vinabakia mu mikono ya nani?

Tena kuko swali la pili. Hapa kwetu pia tuko na jangwa, ndani ya mji, na si Mungu aliyeliweka. Kama pesa ya madini inaweza kuotesha majani juu ya mchanga wa Namibia ili watu wacheze mpira mdogo, kwa nini isioteshe majani juu ya udongo uliokufa pale watoto wetu wanacheza?

Majani yanakunywa maji

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Golf ni kupiga mpira mdogo na fimbo mpaka uingie mu shimo, kisha unaenda ku shimo lingine, mpaka 18. Anayepiga mara chache njo anashinda. Kiwanja cha mupira, sawa ile ya Mazembe na Lupopo, hakifiki hata hektari moja. Uwanja wa golf unakula hektari 50 ao zaidi.

Zamani, mahali pasipo maji, watu walicheza golf juu ya mchanga. Karibu na shimo walimwaga mafuta, wakasawazisha mchanga ili mpira uteleze vizuri, na mchezaji alibeba kipande cha zulia cha kuweka mpira juu yake kabla ya kupiga. Ilikuwa golf ya bei ndogo. Golf ya majani mu jangwa ni kitu kingine. Tufanye hesabu. Tuseme unamwagilia hektari 20 tu za uwanja, na kila siku unayapa majani milimita 5 za maji. Hiyo ni meta kibu 1,000 kwa siku, maana yake lita milioni moja. Ni bidon 50,000 za lita 20. Mama anayeamka saa kumi ya usiku kutafuta bidon mbili anaelewa hesabu hii bila mwalimu.

Basi Namibia wanatoa wapi maji? Oranjemund iko na mto. Lakini tuangalie mji mwingine, Swakopmund, nao uko ku bahari, nao mu jangwa. Mvua ya mwaka mzima pale inaweza kuwa pungufu ya ile Lubumbashi inapata siku moja ya mvua kubwa mu mwezi wa Januari. Lakini karibu na mji huo kuko uwanja wa golf wa mashimo 18, unaitwa Rossmund. Jina lenyewe linasema ukweli: limeunganisha Rössing, mgodi wa uranium ulioanza kutoa mwaka 1976, na Swakopmund. Mji ule hautupi maji yake yote machafu. Unayasafisha na kuyatumia mara ya pili kumwagilia bustani na majani. Maji safi yanabakia ya kunywa. Mwaka 2019 Rio Tinto, ambayo ilishika mgodi wa Rössing kwa miaka mingi, iliuza sehemu yake kwa China National Uranium Corporation. Mwenye mgodi alibadilika, lakini Rossmund bado inapokea wachezaji, wenyeji na wageni.

Oranjemund nayo ilianza kujitayarisha mbele ya siku mbaya. Kazi ya almasi ku nchi kavu ilikuwa imepangwa kwisha mwishoni mwa 2022. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba Namdeb, sosiete ambayo serikali ya Namibia na De Beers wanashika nusu kwa nusu, itaendelea mpaka 2042. Lakini mji haukungojea. Toka 2011 ni mji wa kawaida, wenye halmashauri yake, na toka 2017 uko wazi kwa wageni. Uwanja wa golf na choroa wake ni kimoja kati ya vitu wanavyoonyesha mgeni ili alale siku mbili, ale, alipe.

Tusijidanganye lakini. Uwanja wa golf hauwezi kuajiri watu sawa vile mgodi. Unahitaji watu wa kukata majani, wa kubeba mifuko ya wachezaji, wa jikoni, wa nyumba ya wageni. Ni makumi ya watu, pale mgodi ulikuwa na maelfu. Atakayewaambia watu wa madini kwamba utalii utachukua nafasi ya mshahara wao wote, anauza maneno. Faida ya Oranjemund iko pengine: walijua tarehe ya mwisho, wakaanza kuhamisha vitu toka mikono ya sosiete mpaka mikono ya mji wakati sosiete ingali inalipa.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, na hapa kwetu

Haina haja ya kwenda mpaka Namibia. Ukivuka Kasumbalesa, ukapita Chililabombwe, unafika Chingola, na pale kuko Nchanga Golf Club. Ukiendelea mpaka Kitwe kuko Nkana Golf Club. Majina hayo ni majina ya migodi. Wakati wa ukoloni na kisha wakati wa ZCCM, sosiete ya taifa ya Zambia, mgodi ulikuwa baba wa kila kitu: nyumba, hospitali, taa za barabara, mupira na golf. Kati ya 1997 na 2000 ZCCM ikauzwa vipande vipande. Kipande cha Konkola na Nchanga kilichukuliwa na Anglo American. Mwaka 2002 ikaondoka. Mwaka 2004 akaingia Vedanta. Mwaka 2019 serikali ikamtoa na kuweka msimamizi. Kisha Vedanta akarudi. Mu miaka 25, mgodi mmoja umebadilisha mkono mara nyingi kuliko nyumba ya kupanga. Kila mara, kilabu, hospitali na kiwanja vinabakia kuuliza: mwenye kuja, atalipa umeme wa pompe ao hatalipa?

Lubumbashi tuko na neno Golf ku mdomo kila siku. Taxi zinaita abiria: Golf! Tunajua ni upande wa nyumba kubwa na kuta ndefu. Jina limetoka ku uwanja wa golf wa mji, lakini mtu anaweza kukaa Golf miaka 20 pasipo kushika fimbo hata siku moja. Uwanja ni wa kilabu, na kilabu iko na wanachama wake. Hiyo si dhambi. Inatuonyesha tu kwamba majani yaliyotunzwa vizuri mu mji huu yamekaa upande gani.

Kwa upande wa wafanyakazi, Union Minière na kisha Gécamines nao walikuwa baba wa kila kitu: kazi, nyumba ku kampi, posho ya unga kila mwezi, masomo ya watoto, hospitali, cercle ya kunywa na kucheza. Kisha baba akagonjwa. Mwaka 2003 ikaja ile operesheni ya départs volontaires, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka na malipo ya mwisho mkononi. Hapana familia ya zamani ya Gécamines ambayo haina mjomba, baba mkubwa ao shemeji aliyetoka siku ile. Wengi walifikiri wanapoteza mshahara tu. Walipoteza pia maji, shule na kiwanja cha watoto, kwa sababu vyote vilikuwa vimeandikwa ku jina moja, na jina lile lilipoanguka, hakuna aliyekuwa ametayarishwa kuvipokea.

Jangwa letu liko ndani ya mji

Tusogee sasa ku jangwa letu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi ulitoka ku ile cheminée, na upepo wa hapa, ambao mara nyingi unatoka kusini-mashariki, uliupeleka upande moja, kaskazini-magharibi. Wataalamu wanaita mahali pale cône ya moshi. Shaba, zinc, risasi na cobalt zilishuka pamoja na moshi, zikaingia mu udongo. Miti ikakufa, majani yakakufa, mvua ikachukua udongo wa juu. Ukipita Penga Penga utaona sehemu za nchi tupu, nyekundu, ngumu, ambazo hata mu mvua ya Februari hazioti kitu. Katanga inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tuko na jangwa lenye mvua.

Na mule watu wanakaa. Wamejenga, wamefunga lupango, watoto wanacheza mu vumbi. Mwaka 2009, Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta cobalt na metali zingine kwa kiasi kikubwa sana, na cobalt ilikuwa nyingi hasa kwa watoto. Ni rahisi kuelewa. Mtoto anakaa chini, anashika udongo, anaweka mkono mu kinywa. Vumbi la nyumba linaingia mu bukari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa golf na watu wa Penga Penga wanashiriki bila kujua. Majani yanayotumiwa sana ku viwanja vya golf vya nchi za joto ni ukoka, yale Wafaransa wanaita chiendent, na watu wa sayansi Cynodon dactylon. Yanatambaa, yanashika udongo, yanavumilia kukanyagwa. Yanaota pia mu lupango zetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Wabelgiji walijaribu ukoka huo na majani mengine mawili ya Katanga juu ya udongo wenye miligramu 2,500 za shaba mu kila kilo. Walifuata kwa miaka miwili, wakatangaza matokeo mwaka 2010. Jani la kwetu linaloitwa Rendlia altera, ambalo limezoea vilima vya shaba, lilivumilia kuliko mengine hata pasipo msaada. Ukoka ulihitaji chokaa ili uishi. Chokaa ilisaidia pia kupunguza shaba inayopanda mu majani.

Chokaa si kitu cha kutoa Ulaya. Inachomwa hapa hapa, Kakontwe, karibu na Likasi. Mu majaribio yale dozi ndogo ya chokaa ilikuwa gramu 200 kwa meta moja ya mraba. Tukipima kwa kiwanja cha mupira, meta za mraba 7,000, ni kilo 1,400, maana yake mifuko 28 ya kilo 50. Dozi kubwa, kilo moja kwa meta, ni tani 7. Mbolea ya takataka, kwa dozi ndogo ya kilo 4.5, ni tani 31 na nusu. Ni kazi, tena ni kazi ya mikono, lakini si kazi ya kushinda mji wa shaba.

Kuko onyo moja ambalo lazima liandikwe wazi. Majani hayo hayasafishi udongo. Shaba na risasi vinabakia chini. Majani yanafunga vumbi, yanazuia mvua isipeleke sumu ku mto na ku visima, yanampa mtoto mahali pa kukanyaga. Nchi kama ile si ya kupanda matembele na lengalenga. Mwenye kusema kwamba akisha weka majani amemaliza deni, anadanganya.

Feza iko wapi?

Code minier ya tarehe 9 Machi 2018 imeweka milango miwili ambayo kila familia ya madini inapashwa kuijua. Mlango wa kwanza ni dotation ya 0.3% ya mauzo ya mwaka ya sosiete, kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mradi. Sosiete inayouza kwa dola milioni 500 inapashwa kutoa milioni moja na nusu. Pamoja nayo kuko cahier des charges, mkataba kati ya sosiete na wenyeji. Mlango wa pili ni redevance minière: 50% inaenda Kinshasa, 25% ku jimbo, 15% ku komini, sekta ao chefferie pale madini yanachimbwa, na 10% ku mfuko wa vizazi vijavyo.

Milango hiyo haifanani, na hapa njo wengi wanapotea. Ile 0.3% inafuata mradi wa leo. Sosiete iliyokuja mwaka 2010 itasema, na ina haki ya kusema, kwamba moshi wa 1911 si wake. Vumbi la Penga Penga kwa hiyo halina mwenyewe mu cahier des charges yoyote. Lakini ile sehemu ya jimbo na ya komini ni pesa ya budget: viongozi wanaweza kuipeleka wanapotaka, na wananchi wanaweza kuuliza wameipeleka wapi. Anayetafuta pesa kwa ajili ya deni la zamani aende ku mlango wa pili. Tena Gécamines ni mali ya taifa, taifa halikuondoka.

Kuhusu maji, tuliona mapema Novemba 2025. Maji ya bwawa la mabaki ya sosiete CDM yalimwagika mu mitaa ya Annexe, na waziri wa madini, Louis Watum, akasimamisha kazi yake kwa miezi tatu. Swakopmund maji ya mara ya pili yanamwagilia majani. Huku maji ya kiwanda yalipita mbele ya milango ya watu. Kabla ya kuzungumza juu ya majani yoyote, neno la kwanza ku meza liwe hilo.

Najua jibu la wengi: “Siye tunaomba hospitali, njia na umeme; majani tutafanya nayo nini?” Ni jibu la haki. Hakuna hapa anayeomba golf. Na kama siku moja sosiete ikileta mradi wa uwanja wa golf na hoteli kwa jina la maendeleo ya wenyeji, itafaa kuuliza bidon zile 50,000 zitatoka wapi. Lakini kufunga vumbi pale watoto wanakaa ni kazi ya afya sawa vile chanjo. Tena ni kazi inayolipa watu: kuchoma chokaa, kukusanya mbolea ya soko, kupanda, kumwagilia mu kiangazi toka Mei mpaka Oktoba. Vijana wa kartie wanaweza kuifanya.

Kwa hiyo, wakati kamati ya kartie ao ya kijiji inaitwa ku mkutano juu ya cahier des charges, baba na mama waende na maswali manne, na waombe majibu yaandikwe.

La kwanza: kila kitu kitakachojengwa, kisima, kiwanja ao shule, kimeandikwa ku jina la nani, la sosiete ao la komini?

La pili: nani atalipa umeme na mlinzi wa pompe mwaka wa kumi, na pesa hiyo inaanza kuwekwa lini?

La tatu: mgodi huu umepangwa kwisha mwaka gani? Tarehe iko mu makaratasi ya sosiete, na code inaidai itoe dhamana ya pesa kwa kurekebisha nchi wakati wa kufunga. Wenyeji wana haki ya kujua kiasi na mpango.

La ine: kitu kikiitwa cha watu wote, mlango wake unafunguliwa saa ngapi, na mtoto asiye na franka anaingia?

Watu wa Oranjemund walipewa miaka mingi ya kujibu maswali hayo wakati sosiete ingali hai, na bado wanahangaika. Wazee wetu wa 2003 walipewa barua moja tu. Migodi ya leo ya Haut-Katanga ingali inauza, shaba ingali na bei, na mikutano ya cahier des charges inafanyika kila mara. Maswali hayo yaulizwe sasa.